Upepo wa Breki ya Mbele

Asubuhi ya Jumanne, ukungu wa ziwa ukiwa bado umelalia migomba ya Nshambya, Ta Rugaibula, tajiri wa bodaboda, aliikokota pikipiki yake nyekundu mpaka kwa fundi Muksini. Ilikuwa imekaa mwaka mzima kwenye ua wa polisi, juani na mvuani, tangu siku Mwalimu Benadetha alipokufa akiwa abiria wake kwenye mteremko wa Nyanga. Sasa kesi ilikuwa imekwisha. Dereva alikuwa amefungwa, na mwenye mali alikuwa amerudishiwa mali yake.

"Breki ya mbele inazama," alisema Rugaibula. Aliminya kishikio, nacho kikaenda laini kama ndizi mbivu mpaka kikagusa hendeli. "Itoe upepo tu. Usinianzie habari za kubadilisha vipuri."

Alipoondoka, Muksini alichomeka mpira mwembamba wa plastiki kwenye nati ya kutolea upepo, na ncha ya pili akaitumbukiza kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Akaminya kishikio, akalegeza nati kwa spana namba nane. Povu moja lilipita ndani ya mpira, likapanda kwenye chupa, likapasuka.

"Mwalimu," lilisema.

Fundi alikaza nati, akaachia kishikio, akaongeza mafuta, akaminya tena. Povu la pili lilisema "shikilia" na la tatu "vizuri." Muksini aliitambua sauti ya Julius, dereva aliyefungwa, ambaye zamani aliimba besi kwenye kwaya ya Walutheri. Upepo ukiingia kwenye breki huingia na chochote kilichokuwa hewani saa ile, na sili za breki ile, zile raba za kuzuia upepo, zilikuwa zimekufa siku nyingi. Fundi hakushangaa. Alijilaumu tu kwamba hakuwa na kalamu, akaenda kuazima kwa muuza duka.

Kufikia adhuhuri alikuwa ameandika nyuma ya mfuko wa saruji mazungumzo yaliyokwisha kutoka, neno kwa neno.

"Mwalimu, shikilia vizuri. Breki hii inazama. Nimemwambia tajiri mara tatu."

"Naye anasemaje?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mwalimu Benadetha, yenye kutamka kila silabi kana kwamba imla inasomwa.

"Anasema abiria hapandi breki, anapanda siti."

Hapo Muksini aliweka spana chini. Povu hupasuka mara moja tu, na neno lake halirudi. Alikumbuka kwamba siku ya kesi Julius alifungua kinywa ajitetee, kisitoke kitu, na hakimu akaandika kuwa mshtakiwa amechagua kunyamaza. Tangu siku ya ajali hakuwa amesema neno na mtu yeyote. Watu walidhani ni majuto. Kumbe sauti yake ilibaki kwenye mpira wa breki, na ilikuwa imefungiwa polisi kama kielelezo.

Muksini alikifunga kishikio kwa utepe wa tyubu ili maneno yaliyobaki yasipande yenyewe na kupotea. Kisha akampigia simu Esther, mke wa Julius, huko Muleba.

Esther alifika kesho yake saa nne, amebeba kikapu cha ndizi, udongo wa shambani ukiwa bado kwenye kucha. Alisoma maandishi yote akiwa amesimama.

"Yamebaki mangapi, fundi waitu?"

"Siwezi kujua, mama. Lakini kishikio bado ni laini."

"Nipe nikiminye mimi."

Aliminya, fundi akalegeza nati. Povu likatoka na kicheko kifupi. Julius alikuwa na kawaida ya kucheka hivyo akiwa na hofu, hata siku ya mahari yake alicheka hivyo. Esther hakuuondoa mkono kwenye kishikio.

"Kaza," alisema. "Mengine yakasikilizwe mahakamani."

Wakaikokota pikipiki mpaka mjini, Esther kwenye hendeli na fundi nyuma, polepole kama watu waliobeba mgonjwa. Karani wa mahakama, Byabato, alitoka na kikombe chake cha chai, akachuchumaa karibu na gurudumu. Muksini akalegeza nati. Mapovu yalitoka moja moja kwa karibu saa nzima.

"Simama hapo juu, mwanangu, nishuke. Tuteremke kwa miguu."

"Hata mimi nilitaka hivyo, Mwalimu. Nasimama."

"Basi simama."

"Naminya. Haishiki. Mwalimu, ruka!"

Povu la mwisho lilikuwa kubwa na halikuwa na neno, ila pumzi ndefu ya mwanamke. Baada yake yalikuja mafuta matupu.

Chai ya Byabato ilikuwa imepoa. Alivua miwani. "Ni yeye," alisema. "Alinifundisha darasa la nne."

"Basi umesikia," alisema Esther. "Alitaka kusimama."

"Nimesikia, mama. Lakini sauti hizi hazikula kiapo. Na muda wa rufaa umepita, jalada limefungwa." Aliingia ndani, akaandika barua kwamba upepo umesikilizwa, akaigonga mhuri, akampa Esther nakala. Aliandika kwa hati nzuri sana.

Esther alikiminya kishikio mara moja zaidi. Kilikuwa kigumu kama jiwe.

Jioni Rugaibula alifuata pikipiki yake. Muksini alimsomea mfuko wa saruji kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Nilisema hivyo, habari ya siti?"

"Ulisema."

"Basi nilisema." Alijaribu breki, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka.

Jumapili Esther alikwenda gerezani. Julius aliletwa dirishani, akakaa.

"Esther," alisema, kwa sauti nzito ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Esther alishika nyavu za dirisha kwa mikono miwili. Askari aliyekuwa mlangoni aliendelea kujichokoa meno.

"Breki imeshika?" aliuliza Julius, kana kwamba sauti iliyomrudia ndiyo iliyomwambia.

"Imeshika."

"Nani anaiendesha?"

"Isaac wa Kagondo."

"Na zile nyingine tano za tajiri?"

Asubuhi ile Esther alikuwa ameletwa na mojawapo, kwa kuwa hakukuwa na usafiri mwingine. Kwenye mteremko dereva hakugusa breki, alishusha miguu yote miwili, akaburuza kandambili kwenye lami mpaka zikanuka moshi, huku akimsimulia bila haraka habari za senene, kwamba mwaka huu wamechelewa kuanguka.