Hofu Aliyevaa Ndara Zangu

Usiku wa jana niliota, na ninaandika kabla sijanywa chai nisije nikaongeza chumvi, kwamba mkanda wangu mweupe wa karate ulikuwa umeketi kwenye kiti cha mchungaji, unanisubiri.

"Ulinifua," ukasema.

Nilikiri. Wiki yangu ya kwanza ya mafunzo ya jioni, pale ukumbi wa kanisa, niliufua kwa sabuni na bluu, nikaupiga pasi. Sensei Nakijwa, mwalimu wetu, alishika kichwa. Mkanda haufuliwi, aliniambia, jasho ndilo kumbukumbu yake. Sensei ana miaka ishirini na sita na nilimfundisha Shule ya Jumapili. Mimi nina hamsini na mitatu.

"Yote uliyojifunza wiki ile nimeyasahau," mkanda ukaendelea. "Nakumbuka bluu tu."

"Samahani."

"Hiyo samahani ndiyo ugonjwa wako."

Ulisema kweli. Mwaka jana nilikuwa nakwenda ibada ya alfajiri kwa njia ya nyuma ya mashine ya kusaga, mwanamume akanishika mkono. Sauti ikanikauka. Neno pekee lililonitoka lilikuwa samahani. Nilimwomba mwizi samahani, naye akachukua mkoba, Biblia ikiwa ndani, akaenda zake. Tangu siku ile nasali chumbani, komeo limefungwa. Mungu ananisikia hata humo, lakini nafasi yangu kwenye benchi iko wazi. Ndiyo sababu nilijiunga na wanawake wa karate. Na mtihani wa mkanda wa njano nimeshindwa mara mbili: ngumi inafika, ukemi, ule ukelele unaopaswa kutoka nayo, hautoki.

Sasa ukumbi wetu uko ndani ya mashine ya kusaga. Hakuna anayeshangaa. Tumejipanga wanawake kumi na wawili, unga unatuangukia vichwani. Gunia la kupigia linaning'inia juu ya mizani.

"Piga," anasema Sensei.

Napiga. "Samahani."

"Bila samahani," linajibu gunia. "Huyu mama ana adabu. Wenzake hawaniulizi hata habari za nyumbani."

"Mpikie na uji basi," anasema Mama Kiondo, anayesimama kushoto kwangu siku zote. Wanacheka.

Sensei hacheki. "Mama Eliamini, kila siku tunasema hofu inaachwa mlangoni pamoja na viatu. Nenda ukahakikishe."

Naenda. Mlangoni kuna jozi kumi na moja za viatu, na katikati yake ameketi mwanamke wa umri wangu, amejifunga kanga yangu, anatafuna karanga. Amevaa ndara zangu za kijani, ile ya kulia kamba yake imefungwa kwa waya.

"Wewe ni nani?"

"Hofu. Umeniacha hapa tangu saa kumi na moja jioni, miguu imekufa ganzi."

"Mbona za wenzangu sizioni?"

"Za wenzako zilichoka kusubiri, zikaondoka. Wewe ukitoka darasani unanibeba mgongoni mpaka nyumbani. Niende wapi?"

Anaacha kutafuna. Ananitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyepita bila kusalimia. Nalijua analolitaka. Mwaka mzima, kila asubuhi, mimi ndiye ninayemwamkia.

"Nasubiri shikamoo yangu," anasema.

Naomba kimoyomoyo: Bwana, nipe sauti, hata ya kuazima. Mkanda unajikaza kiunoni.

"Nifanyeje?" nauuliza.

"Mimi nilifuliwa, usinitegemee sana. Lakini pumua kwa tumbo. Hilo nalikumbuka."

Napumua. Natanguliza mguu wa kushoto. Shikamoo siitoi. Kinachotoka ni ukemi, na hautoki kooni. Unatoka chini kabisa, kule ninakotolea Haleluya ya Pasaka. Unga wote unapaa. Mashine inazimika. Viatu vinarudi nyuma hatua tatu, jozi kwa jozi.

"Jamani," linasema gunia, "na mimi nina watoto."

Hofu anasimama. Amekuwa mfupi, ananifika kwenye fundo la mkanda. Anafuta maganda ya karanga mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa nenda."

"Nivue ndara?"

"Nenda nazo. Njia ina miiba."

Anaondoka bila kugeuka. Nyuma yangu vigelegele vinapigwa mpaka mizani inapoteza hesabu. Sensei Nakijwa ananiinamia, nami namwinamia.

"Nianze kuwa wa njano sasa hivi?" mkanda unauliza.

"Subiri mtihani wa Jumamosi," nasema. "Utaratibu ni utaratibu."

Nikaamka. Koo lilikuwa linawasha, na ng'ambo ya ukuta jirani yangu Bibi Namkunda alikuwa anauliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia ameshaondoka.

Nikafungua komeo. Ndara zangu hazikuwapo mlangoni. Kwenye uwanja nilioufagia jana jioni kulikuwa na alama za ndara, ya kulia ikikokota mstari mwembamba wa waya, kutoka kizingitini kwangu hadi getini. Za kurudi sikuziona.

Kengele ya ibada ikalia. Nikajifunga kanga, nikashika njia ya nyuma ya mashine, miguu mitupu, kama tunavyosimama darasani.