Misumari Chini ya Bati

Saa moja asubuhi Bi Odalie Billiot alikuwa ameshawamiminia mafundi kahawa mara mbili, na mkaguzi wa paa hajaonekana. Alitakiwa aje jana. Jana hiyo mafundi walishinda juu ya mbao tupu za paa kama mwewe, wakimngoja mtu mmoja aje kuitazama misumari kabla haijafunikwa. Alasiri wingu likatanda. Wilmer, fundi mkuu, akauliza, "Mama, tufunike au tungoje dari ikuangukie?"

Bi Odalie, na miaka yake sabini, akapanda ngazi, akapiga picha misumari yote kwa simu yake, ndipo akasema, "Funika."

Hapa Dulac, kijiji cha kando ya bahari, kimbunga kikishapewa jina tu redioni, bati linapanda bei kabla ya maji ya bahari. Bi Odalie alilipia mbao, akalipia bati, akalipia misumari maalumu ya kuhimili kimbunga, kisha akalipia mtu wa kuitazama hiyo misumari. Cheti cha mtu huyo ndicho watu wa bima wanachokitaka kabla ya Ijumaa. Bila bima, benki inachukua nyumba.

Mkaguzi, Bwana Prejean, alifika saa tano, viatu vyeupe, kompyuta ndogo kaikumbatia kifuani kama kichanga. Gari kaliacha ng'ambo ya daraja, lisiguse tope.

"Misumari iko wapi?"

"Chini ya bati, mwanangu. Ulitaka iwe wapi, mezani?"

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka, pengine hakuna posho ya kucheka.

"Siwezi kupitisha nisichokiona."

Bi Odalie akamsogezea simu. "Hii hapa. Hesabu mpaka uchoke."

"Picha hizi umepiga wewe."

"Kwani wewe ungepanda?"

"Sisi hatupandi, mama. Ofisi hairuhusu. Nampa fundi simu yangu, anapanda, anapiga."

"Fundi yupi?"

Akamwonyesha Wilmer kwa kidevu.

"Kumbe!" Wilmer akasema. "Misumari nimepigilia mimi, picha ningepiga mimi. Kosa letu ni simu tu."

"Ndio utaratibu."

"Haya, nifumue bati moja uone?"

"Yote. Pande zote nne."

Wilmer akamtazama Bi Odalie. Bati lililong'olewa hubaki na matobo. Ingebidi kununua mabati mengine, kwa bei ya leo. Prejean alikuwa ameshaanza kubonyeza.

"Kwenye mfumo naandika: paa halipo. Mkishafumua, ombeni miadi upya. Wiki tatu hivi."

"Na Ijumaa yangu?"

"Hiyo waulize bima, mama. Mimi ni wa misumari."

Mvua haikumngoja amalize. Ilishuka kwa mpigo, mafundi wakakimbilia jikoni, naye Prejean nyuma yao, kompyuta kaificha ndani ya shati. Mlangoni akamkuta Bi Odalie kasimama, upawa mkononi.

"Nijikinge kidogo, mama."

"Ujikinge na nini, baba? Nyumba haina paa. Si umeandika mwenyewe?"

Akafunga mlango.

Ndani mafundi walikuwa wameshakaa, wanakula wali na kamba wa kukaanga. Bati lilinguruma juu yao, na hata tone moja halikudondoka. Dirishani viatu vyeupe vilionekana vikikata tope kuelekea darajani.

Wilmer alikuwa anaitazama sahani yake. "Tufumue lini, mama?"

Bi Odalie akainua macho kwenye dari kavu.

"Mvua ikikatika," akasema, akampakulia tena.