Mwanafunzi wa Kumi

Mtu akiniuliza kama nimewahi kuiba, nasema sijawahi, na mate yananikauka. Niliiba alama za Siméon, mwanafunzi wangu bora, Julai 1962, katika karakana ya shule ya ufundi hapa Albertville, kando ya ziwa. Nilimwibia mchana kweupe, kalamu mkononi.

Nilikuwa nafundisha kuchonga vyuma kwa tupa. Vita vilikuwa vimetumaliza: familia zilikimbilia Moba, Nyunzu, nyingine hata ng'ambo Kigoma, na madawati yakabaki na vumbi. Inspekta akaandika kwamba darasa la nne lisipofikisha wanafunzi kumi Septemba, litafungwa. Kutoka darasa la tatu walikuwa wanapanda tisa.

“Lambert,” Mkurugenzi Gérard aliniambia ofisini mwake, “tuko na tisa. Wa kumi atatoka wapi?”

“Sijue, Papa Direkteri.”

“Mumoja wa darasa la ine akirudia mwaka, njo tunafika kumi. Fikiri.” Alisema hayo huku akitazama daftari, si mimi.

Nikafikiri, tena kwa bidii. Darasa likifungwa, mwalimu wake naye anafungasha, na mimi nilikuwa na watoto watano. Wavivu sikuweza kuwategemea. Mvivu akianguka harudii mwaka, anakwenda bandarini kubeba mizigo. Aliyeipenda tupa kiasi cha kurudi na kuanza upya alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye niliyemchagua. Hadi leo najiuliza ni shetani gani aliyenipa akili nyingi hivyo.

Mtihani ulikuwa wa vipande viwili vya chuma, kimoja kiingie ndani ya kingine. Mwalimu huviinua dirishani. Mwanga ukipenya katikati, alama zinashuka. Vya Siméon niliviinua mara tatu. Havikupitisha mwanga hata wa unene wa uzi. Karakana ya reli ilikuwa inachukua vijana wenye diploma, na yeye angechukuliwa wiki ileile.

“Hapa chini mwanga unapita,” nikamwambia.

Akavichukua, akaviangalia kwa muda mrefu. “Mimi sione, Mwalimu.”

“Macho yako imechoka. Angalia tena.”

Akaangalia tena. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa wavuvi waliotoka kaskazini ya ziwa, na kwao mtoto habishani na mwalimu. Mwishowe akashusha mikono.

“Njo vile, Mwalimu. Sasa nimeuona. Asante.”

Angenitukana ningelala. Lakini alinishukuru.

Septemba alifika wa kwanza, kabla hata ya mlango kufunguliwa. Darasa likafika kumi, inspekta akatia sahihi, Mkurugenzi akanipa mkono. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilikuwa imesafishwa na kupambwa maua.

Kumbe nilikuwa nimemharibu. Siméon alichonga kipande kikakaa sawasawa, kisha akakiinua dirishani, akakunja uso, akakirudisha mezani na kukipiga tupa tena.

“Imetosha, acha!” nilimwambia, tena kwa ukali, maana nilimwonea hasira kama vile yeye ndiye mkosaji.

“Bado, Mwalimu. Kungali mwanga.”

Haukuwapo. Lakini aliendelea kupunguza chuma mpaka ukawapo kweli. Mwaka mzima alifanya hivyo, na mwaka mzima nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Niliogopa Mkurugenzi, niliogopa inspekta, niliogopa wanafunzi wasinicheke. Julai 1963 vipande vyake vilicheza kama jino la mtoto. Nikampa alama nne kati ya ishirini, na safari hii zilikuwa alama zake za haki.

Wiki iliyofuata baba yake, Papa Jérôme, alikuja nyumbani kwangu na fungu la samaki wakavu aina ya mikebuka. Hakutaka kukaa.

“Utusamehe, Mwalimu. Miaka mbili ulichoka na mutoto wetu. Macho yake haiko ya hii kazi. Jana nilimutuma kule Baraka, kwetu kaskazini, kwa kaka yangu, atavuta nyavu.”

Hapo nikasema: “Papa Jérôme, unisikilize. Mwaka jana Siméon alishinda. Mimi njo nilimuangusha. Tulikosa mwanafunzi wa kumi, nikamurudisha nyuma kwa makusudi. Kazi yake haikukuwa na kosa hata moja.”

Alinitazama, machozi yakamlengalenga. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

“Mungu akubariki. Unataka kutufichia aibu yetu.”

“Naapa, Papa! Nilisema uongo!”

“Usiape, Mwalimu,” akasema kwa upole. “Siméon mwenyewe alinielezea kosa lake. Na mutoto wangu hasemake uongo.”