Nyumba ya Turkiya Yenye Magurudumu Sita

Kutoka Sinaw mpaka Ibra, mke wangu Turkiya alinambia neno moja tu: "Mjinga." Alilisema tulipokuwa tunautoka mji, kisha akafunga mdomo na kukaza macho mbele kama yeye ndiye anayeendesha. Maji ya rejeta yalichemka mara tatu njiani. Watu watakwambieni lilikuwa jua la mwezi wa sita. Mie nilikuwamo ndani ya gari. Halikuwa jua.

Mwaka ulikuwa 1982, na mie fundi wa gereji pale Firq, Oman. Nyuma ya gereji kulikuwa na lori la Bedford kuukuu limetupwa, kuku wanataga ndani yake. Miezi minane, kila nikitoka kazini, nilichomelea nyumba juu ya mgongo wake: chumba, kitanda, tangi la maji, jiko la gesi la sufuria mbili, na mlango wa mbao wenye komeo. Wazungu walikuwa wakija kulitazama. Mmoja alilia.

Nililijenga kwa ajili ya Turkiya. Tangu tuje kutoka Unguja tulikuwa tunakaa Nizwa kwa kaka yangu Marhun, roho kumi na tisa, jiko moja, na jiko lenyewe la mama yangu. Kwa miaka kumi mke wangu hakuamua hata siku moja kipikwe nini. Nilipomwonyesha gari aliingia, akatia komeo, akakaa humo nusu saa peke yake. Halafu akafungua mlango kidogo.

"Baba Thuraya, hii nyumba ya nani?"

"Yako."

"Basi twende Sur kwa shangazi. Lakini nisikilize. Njiani napika mie, tunakula ndani mwangu, na nnataka mgeni. Mmoja tu. Abishe hodi mlangoni kwangu, nimwambie karibu, ale nilichokipika mie. Siku moja, nami ntakuwa radhi nawe mpaka kaburini."

Binti yetu Thuraya tukamwacha kwa bibi yake. Turkiya akapakia mchele, papa mkavu, bizari, na nazi tatu alizozitafuta soko zima la Matrah.

Sasa, mnaijua Sharqiya nyinyi, nchi ya njia ya Sur? Pale hupiti hivi hivi. Mtu akikuona umesimamisha gari uvulini unajipikia, kwake hilo ni tusi. Itasemwa wageni wamejilisha wenyewe kama kwamba mji hauna watu. Anakukaribisha. Ukikataa, anaapa: "Wallahi mke wangu ameachika talaka tatu usipokula kwangu!" Na wewe utaivunja nyumba ya mtu kwa ajili ya sahani ya wali? Unashuka. Wewe unapelekwa sebuleni kwa wanaume, mkeo anapelekwa ndani kwa wanawake, na safari yenu ya wawili imekuwa ya mmoja mmoja.

Sinaw alitudaka Sleyum, muuza majani ya kulisha ngamia. Aliapa kabla sijazima mashine. Tulikaa siku mbili kwake, na wakati wa kuondoka nikaona haya kutoka mikono mitupu, nikampa nazi moja. Wanawe waliicheza mpira mpaka magharibi. Ndipo nilipopata lile "mjinga" langu.

Ibra ikawa mbaya zaidi. Amur, mwenye duka la vitambaa, aliapa kwa wake wawili, na mmoja alikuwa bado hajamuoa. Nazi ya pili ikabaki huko.

Tulipotoka Ibra, Turkiya alisema. Bora angenyamaza.

"Harub."

Akiniita Harub, si Baba Thuraya, huwa natafuta pa kujificha, na ndani ya Bedford hapana.

"Naam."

"Wanaume wote wa Sharqiya wanaapa kwa wake zao, nile kwao mie. Wewe, mume wangu, umeapa nini kwa ajili yangu?"

"Ningekataa vipi? Mke wa mtu ataachika!"

"Mke wa mtu umemwonea huruma. Mkeo je? Nimetoka jikoni kwa mama yako nije kukaa vyumbani kwa wake za watu, nakula mbuzi wao, nasema ahsante. Jiko langu halijawashwa. Nazi imebaki moja, Harub. Moja!"

"Usinipigie kelele naendesha!"

"Unaendesha? Wewe unaendeshwa! Yeyote anyanyuaye mkono njiani anakuendesha!"

Tukaenda hivyo mpaka karibu na Bidiya, kila mmoja amevimba. Kabla ya mji nikakata kushoto, nikaingia mchangani na kusimama nyuma ya mti wa ghafu. Nyumba ya karibu ilikuwa ukuta mmoja wa udongo, umbali wa kutupa jiwe. Sikuona mtu. Turkiya akapanda ndani ya nyumba yake, akawasha jiko. Nikasikia nazi inapasuka, nikasikia inakunwa, na baada ya miaka mingi nikamsikia anaimba puani. Harufu ikatoka dirishani. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo.

Nikamwona mzee anakuja na bakora. Mzee Soud, kama nilivyokuja kumjua, alikuwa na duka Tabora miaka ishirini na mbili, na Kiswahili chake bado kilikuwa cha huko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakufa mtu."

"Basi kwa nini mnapika porini kama watu waliofukuzwa, na nyumba yangu ile pale?"

"Mzee, mke wangu ameshatia mchele. Tafadhali, leo wewe ndiye uwe mgeni wetu."

"Mgeni? Mimi? Katika mchanga wangu?" Akanyanyua mkono. Nilikuwa nishaujua mkono ule.

"Usiape, mzee! Nakuomba!"

"Wallahi Ghalia ameachika talaka tatu kama mtakula chakula cha mchana penginepo, si nyumbani kwangu!"

Ndani, mwiko ukanyamaza. Damu ikanipanda kichwani, hasira za Sinaw na za Ibra na za miaka kumi ya jiko la mama yangu zikaja pamoja, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Na mie wallahi Turkiya ameachika talaka tatu kama wewe hukula mchana huu nyumbani mwake, ndani ya gari hili, chakula alichokipika yeye!"

Mzee Soud akadondosha bakora. Mlango ukafunguka, Turkiya na mwiko mkononi.

"Umesema nini?"

"Si ulitaka niape? Nimeapa kwa ajili yako."

"Umeapa kwa ajili yangu, ukaniweka mimi rehani?" Akaninyooshea mwiko. "Ungeapa kufunga siku tatu! Ungeapa kwa Bedford lako! Katika vitu vyote vya dunia, ukaniona mimi tu ndiye wa kutupwa?"

Nikainama, nikamwokotea mzee bakora yake.

Makelele yakamtoa Ghalia, mke wa mzee, barakoa usoni. Akaelezwa. Akamgeukia mumewe.

"Umeniacha tena? Mwaka jana si uliniacha kwa ajili ya mtu aliyesimama kuuliza njia?"

"Alikula, lakini," alisema mzee Soud.

"Alikula! Siku moja atapita mtu aliyeshiba, nami nitalala nje!"

Sisi wanaume tukaanza kubishana twende kwa kadhi yupi, yeye akinambia mie ndiye niliyeharibu, mie nikimwambia yeye ndiye aliyeanza. Ghalia hakutusikiliza. Alilizunguka gari, akalipima kwa dhiraa za mkono wake, kisha akamuuliza Turkiya:

"Nyumba hii inatembea?"

"Inatembea, bibi."

"Basi nyumba yako iingie ndani ya nyumba yangu. Wakila humo, wamekula kwako na wamekula kwangu."

"Mlango wangu hupita punda tu," alisema mzee Soud.

"Itapita ukutani."

"Ukuta aliujenga babu yangu!"

"Babu yako hakuniacha. Umeniacha wewe."

Nikapanda kwenye usukani. Turkiya akanikamata kanzu. "Shuka." Hakuwahi kuendesha maisha yake. Akauliza ipi ni gia ya nyuma, nikamwonyesha, na Bedford likaenda kinyumenyume kama ngamia aliyechomwa. Ukuta ulianguka wote. Vumbi lililonyanyuka lilifika Sur, na shangazi alianua nguo zake akidhani ni dhoruba. Lakini sufuria jikoni haikumwagika hata tone. Hilo ndilo watu wasiloliamini. Ukuta wanauamini.

Vumbi lilipotua, gari lilikuwa katikati ya ua wa mzee Soud. Turkiya akashuka, akapanda ndani ya nyumba yake, akarudisha mlango. Mzee Soud akaja akasimama chini ya ngazi, ndevu zote udongo, amekasirika hata hawezi kutazama juu.

"Hodi."

Turkiya aliisikiliza kwanza hodi ile.

"Nani?"

"Soud bin Hamed."

"Karibu, mzee. Karibu kwangu."

Miaka yote niliyoishi na sauti ile, sikuwahi kuisikia hivyo. Mzee akaingia, Ghalia nyuma yake. Nikasikia sahani. Nikasikia mzee anausikitikia ukuta wake, kisha anauliza kilichotiwa katika wali huu ni kitu gani, kisha anaomba tena, kisha anausikitikia ukuta upya.

Nilikuwa na njaa. Nikatia mguu juu ya ngazi, na komeo likalia.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nimo ndani."

"Turkiya! Nami nile!"

"Uliapa mzee ale. Anakula. Wewe hukujitaja."

Baadaye dirisha likafunguka, ukatoka mkono na ukoko juu ya kifuniko cha sufuria. Nikaula nimekaa juu ya udongo wa babu wa watu. Siku tatu nilijenga ukuta ule, nikiacha pengo la kutokea gari, na siku tatu wanawake wa Bidiya walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akibisha hodi, kila mmoja akikaribishwa.

Mie nilibisha kila siku, na kila siku nikapewa ukoko dirishani.