Moduli Iliyotembea Usingizini

Basi palikuwa na binti mmoja kwenye kituo cha redio, wenzake walimwita Kiraka. Si kwa ubaya. Kazi yake ilikuwa kushona programu zilizochanika, na zile nzima kuziongezea mfuko hapa, kifungo pale. Alishughulika na vile vijiprogramu wanavyoviita moduli: ukituma kimoja kinazunguka kompyuta zote za kituo kufanya ulichoagiza, wewe umekaa kitako unapuliza chai. Raha mustarehe. Ila ukiagiza upuuzi, upuuzi nao unazunguka kompyuta zote.

Sasa, palikuwa na moduli ya usafi. Hiyo ilichukua mafaili ya zamani, ikayahamishia kwenye folda ya kungojea, na kila siku saa tisa alasiri folda ile ilimwagwa, kwisha habari yake. Ghala la sauti lilikuwa halijawahi kufagiliwa, watu waliliogopa. Ndipo Kiraka akaifundisha moduli ile jambo jipya: kuota. Ukiiambia iote, inafanya kazi kichwani tu, kisha inakusimulia ingechukua nini, ingetupa nini. Haigusi hata unyoya. Aliijaribu kwenye kompyuta mpya, ikaota vizuri, imetulia kama mtoto aliyeshiba. Asubuhi ile akaituma ikaote na ghalani. Mkuu wa kitengo kwa furaha akaenda kuwasimulia wakubwa mkutanoni.

Baada ya chakula cha mchana, ule wakati macho yanakuwa mazito na feni inazunguka kama inayofikiria jambo lake, mlango ukafunguliwa. Alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, mtunza sauti wa kituo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kuku wangu wako wapi?"

Kiraka akacheka. "Kuku gani tena?"

"Wa mama. Folda tupu, imebaki maganda. Usinichekee, mtoto wewe, nina kipindi saa kumi."

Kicheko kikamkauka. Shangazi alikuwa anastaafu siku ile. Umri wake wote alikuwa akiokota sauti: mvua inavyoanza kwenye mabati kabla haijaamua kunyesha, mlango mzito wa posta, watu wanavyovuta pumzi kwenye foleni. Na kipindi chake cha mwisho alitaka kukifunga kwa sauti ya mama yake, bibi yake Kiraka, akiwaita kuku alfajiri. Picha za marehemu zilikuwepo. Sauti ilikuwa hiyo moja tu. Kanda yenyewe ilishaoza zamani, na kompyuta ya akiba yenye nakala nayo ni kompyuta, moduli ilipita na huko.

"Lakini shangazi, mimi niliiambia iote tu!"

"Basi imeota imesimama. Kaka yangu, baba yako huyo, alikuwa hivyo hivyo. Analala kitandani, tunamkuta jikoni kashika mwiko."

Kiraka akafungua moduli yake, akaisoma mstari kwa mstari. Nyuma ya kioo kompyuta zilikuwa zinavuma kwenye baridi yao, taa za kijani zinafumba na kufumbua, naye akahisi kama ndani ya ule mvumo mtu anaita kwa mbali, kru, kru, kru. Akatikisa kichwa. Akaona. Swali la "je, tunaota?" alikuwa ameliweka kwenye kumwaga peke yake. Kwenye kuhamisha hakuliweka. Na ile kompyuta mpya aliyojaribia haikuwa na faili hata moja la zamani, sasa ingehamisha nini? Mtu kapima ndoo inayovuja bila kutia maji.

Kwa hiyo kuku hawajafa. Wamo kwenye folda ya kungojea, pamoja na mvua na mlango wa posta. Na saa tisa imekaribia, na kumwaga kwa kila siku huja kwa ratiba yake, hakukuambiwa kuote.

Ruhusa ya kusimamisha ile kazi ya kumwaga alikuwa nayo mkuu peke yake. Akampigia.

"Mkuu, simamisha kumwaga."

"Kiraka, niko na wakubwa hapa, ndiyo kwanza nawasifia kazi yako."

 Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani.

"Waambie kazi yangu inatembea usingizini, mkuu. Kosa ni langu. Simamisha, tafadhali, kabla haijanimwagia bibi yangu."

Akamsikia mkuu akiyarudia maneno yale kwa wakubwa. Halafu kicheko cha watu wengi, kisha sauti ya mkuu, ya chini: "Nimesimamisha. Tutaongea."

Kiraka akazirudisha sauti ghalani, akaliweka lile swali mlangoni kabisa mwa moduli, pasipite kitu bila kuulizwa. Safari hii akatengeneza folda ya uongo, akaijaza takataka za zamani, akaiambia moduli iote. Ikasimulia yote ambayo ingeyachukua. Akaenda kuangalia. Takataka zote zilikuwa pale pale, hata moja haijasogea.

"Imelala?" akauliza shangazi.

"Fofofo."

Saa kumi shangazi akaingia studio. Kiraka akabaki ukumbini chini ya spika. Ikaja mvua, ukaja mlango wa posta, kisha alfajiri ya nyumba ambayo haipo tena, na mwanamke mwenye kikohozi kidogo akiita, kru, kru, kru, njooni wanangu.

Nje ya lango mlinzi alikuwa na redio yake chini ya kiti, na vijikuku vyake vitatu. Vikainua vichwa. Kimoja kikaja mbio mpaka chini ya kiti, kikainamisha shingo, kikaanza kudonoa ardhi tupu mbele ya redio.