Aliyegusa Breki Hupanda Kwanza

Gereji yetu iko kando ya barabara ya Londiani, na ina sheria moja aliyoiweka baba yangu, mzee Aron: aliyegusa breki hupanda kwanza. Ukifunga breki za gari la mtu, siku ya kulijaribu unaketi kiti cha abiria na kuteremka nalo ule mlima wa majani chai. Kama hutaki kupanda, basi hukumaliza kazi.

Mimi ni Chepkurui, bintiye, na sina ulimi wa kubembeleza mtu. Sheria hiyo naipenda, ingawa siku ile ya Nyagaka nusura initie wazimu.

Nyagaka ni mfanyabiashara wa viazi. Jumamosi hukimbiza Subaru yake kuukuu kwenye mashindano upande wa Nakuru. Jumatatu gari hilohilo, likiwa na namba na bima yake, humpeleka binti yake Vivian shuleni. Aliniletea paipu mpya za breki, zile za mpira uliovikwa wavu wa chuma, ambazo hazivimbi ukikanyaga kwa nguvu.

"Fundi, nataka ishike kama ya mashindano," aliniambia. "Lakini ujue mtoto pia anapanda hii gari."

Maneno hayo yaliniingia. Nikafunga paipu za nyuma, kisha nikaenda mjini kutafuta oili ya breki. Niliporudi, baba alikuwa ameshafunga za mbele na anapangusa mikono.

"Imebaki kuweka oili na kutoa hewa tu," alimwambia Nyagaka. "Utaenda nayo leo."

Niliinama nikachungulia. Kila paipu ya mbele ilikuwa imekazwa kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa kipande cha blada, ule mpira unaokatwa kutoka tyubu iliyochakaa. Huku kwetu blada hufunga kila kitu: mtungi wa maziwa kwenye pikipiki, lango la zizi, magunia ya majani chai. Baba ameitumia maisha yake yote na haijamwangusha. Tena gari likiwa limetulia chini, kazi yake ilipendeza kwelikweli. Paipu haikugusa tairi wala haikuning'inia.

Shida ni kwamba gari la mashindano halitulii chini. Linaruka.

"Baba, hiyo blada itoke," nikasema.

"Itoke kwa nini? Si inazuia paipu isisuguane na tairi?"

"Gurudumu likishuka, paipu itavutika."

"Chepkurui, mimi nimefunga breki kabla wewe hujazaliwa."

Nyagaka akaangalia viatu vyake. Najua binti habishani na baba yake mbele ya mgeni, na uso uliniwaka kwa aibu. Lakini woga wangu ulikuwa mkubwa zaidi. Akilini nilimwona Vivian na begi lake la shule, gari likikaribia kona, paipu imekatika.

"Sawa," nikasema. "Utapanda wewe. Sheria ni yako."

"Nitapanda," akajibu, akavuta kofia yake chini.

"Lakini kwanza tuinue."

Nikalipiga jeki, nikaweka stendi, magurudumu ya mbele yakaning'inia. Nikaingia ndani, nikakata usukani hadi mwisho, nikanyamaza. Kwangu kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kufungua nati yenye kutu.

Nilipotoka, baba alikuwa amepiga magoti, kidole juu ya paipu. Ilikuwa imekaza kama kamba ya ng'ombe anayekataa josho, na pale inapoingia kwenye breki ilishaanza kupinda. Akatoa kisu mfukoni, akazikata blada zote mbili mwenyewe.

"Leta klipu," akasema.

Nikaleta vile vibanio vya kushikia paipu, tukafanya pamoja. Mimi nilikata usukani kushoto na kulia, yeye akipandisha na kushusha gurudumu, hadi kila paipu ikapata nafasi yake bila kuvutika wala kugusa kitu. Tukajaza oili. Alikanyaga pedali nami nikatazama mapovu kwenye chupa hadi yakaisha. Halafu nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, naye akapitisha karatasi nyeupe kwenye kila kiungo. Ilibaki kavu.

Sasa wote wawili tulikuwa tumezigusa breki za mbele. Baba akanirushia funguo, akaketi kiti cha abiria, akafunga mkanda.

"Na mimi je?" Nyagaka akauliza.

"Wewe ngoja hapa," baba akamjibu. " Bado hii gari si yako."

Tukateremka, barabara tupu, majani chai huku na huku, mvua ya alasiri ikianza kudondoka. Kabla ya kona nikakanyaga. Gari likasimama palepale, limenyooka, na kofia ya baba ikaruka hadi kwenye kioo.

Aliiokota, akaivaa, akatazama mbele.

"Rudi juu," akasema. "Na Nyagaka akiuliza hizi breki ni za nani, mwambie ni zako. Mimi nilikuwa abiria."