Gia ya Nyuma ya Kigari Changu

Kigari changu cha magurudumu matatu hakikuwa na gia ya nyuma, na hilo halikutokana na usahaulifu. Vigari vya mtindo ule wa zamani, magurudumu mawili mbele na moja nyuma, injini ya pikipiki ikiwa wazi puani, aghalabu havikuwa nayo. Nami sikulelewa katika shule ya bweni, nikatandika kitanda miaka yote ile bila kunyanzi hata moja, ili uzeeni nianze kulipua kazi.

"Bosi, tuiweke," fundi wa kuchomelea alinisihi. "Ninayo ya pikipiki ya mizigo, imelala tu pale. Siku ukiingia kichochoroni utanikumbuka."

"Waungwana wa enzi zile walishuka wakasukuma."

"Walikuwa na magoti, bosi."

Niliendelea kupiga msasa bodi, ambayo niliitaka ya mbao ngumu tupu, yenye mkia uliochongoka na kingo fupi zisizohitaji mlango: unapitisha mguu juu, unaketi. Fundi alipopendekeza bati jepesi, nilimtazama mpaka akaenda kunywa maji.

Jumamosi ile, sisi tuliosoma pamoja, wenye vyombo vya mtindo wa zamani, tulikuwa tuvipange katika uwanja wa shule yetu. Asiye na kibali cha mkaguzi wa magari haingii. Mwenzangu mmoja, tuliyemwita Kengele kwa kuwa ndiye aliyetuamsha alfajiri, alikuwa amewatangazia wote kwamba kigari changu kitaishia kuwa kitanda cha paka. Kulikosa gwaride lile kungekuwa kumthibitisha Kengele, na mimi Kengele sijapata kumthibitisha tangu kidato cha kwanza.

Ijumaa tukaenda kwa mkaguzi, fundi akitufuata kwa pikipiki. Mke wangu alikubali kuja kwa sababu moja tu: breki hupimwa viti vyote vikiwa na watu.

"Akishapima nashuka," alisema, akivaa miwani ya jua iliyomfunika nusu ya uso. "Sikuolewa ili nipitishwe mjini ndani ya beseni."

Mkaguzi, kijana mnene mwenye kalamu sikioni, alipima breki, akapima taa, akalizunguka gari akitabasamu kama aliyeletewa mtoto mchanga. "Mzee, hii kitu ni nzuri jamani! Haya, rudi nyuma kidogo."

"Hakirudi."

Tabasamu likanywea. Alipekua kijitabu chake cha kanuni, akasoma kwa sauti: chombo chepesi kisicho na gia ya nyuma kitakubaliwa iwapo waliomo wanaweza kukirudisha wenyewe, bila msaada wa mtu mwingine.

Nilishuka, nikakaza tai, nikaweka mikono puani mwa kigari. Nikasukuma. Mbao ngumu ni mbao ngumu kwelikweli. Nilisukuma hadi kola ikalowa, na kigari kikakaa pale kama mkwe aliyekuja kusalimia.

"Nishuke nikupunguzie uzito?" mke wangu aliuliza.

"Kaa. Kimepimwa breki na watu wawili, kitapimwa hivi pia na watu wawili."

"Makubwa haya! Basi kufa na tai yako."

Mkaguzi alinisogelea. "Mzee wangu, mwite fundi wako asukume. Mimi nitakuwa naangalia mawingu."

"Kijana, angalia kigari."

Nikainama tena. Safari hii kikasogea! Kilirudi taratibu, kisha kwa kasi, na kifua changu kikajaa fahari, mpaka nilipotupa jicho ubavuni. Nje ya ukingo ulining'inia mguu wa mke wangu, kiatu chekundu kikiisukuma lami kama kasia. Mkaguzi, aliyesimama upande wa pili, hakuuona. Tayari alikuwa ameitoa kalamu sikioni.

Kibali kilikuwa hapo. Kengele alikuwa hapo pia, machoni pangu, akicheka.

"Simamisha kalamu," nilisema. "Mke wangu ameweka mguu chini."

"Wewe mwanamume!" mke wangu alifoka. "Nakuokoa, unanishtaki?"

Mkaguzi alizunguka, akautazama mguu, akakitazama kijitabu, akaangua kicheko mpaka akashika kiuno. "Si imeandikwa 'waliomo', mzee? Mama si yumo?" Akagonga muhuri, na chini yake akaandika kwamba kigari kisiingie barabarani bila abiria huyo.

Mke wangu aliusoma mstari ule mara mbili. Akavua miwani.

Kesho yake, kabla ya uwanjani, tulipitia kwa dada yake, kwa mshonaji wake, na kwa jirani waliyekuwa hawasemezani, ambaye mbele ya nyumba yake niliamriwa kupiga honi. Nikapiga. Muhuri ulikuwa wa serikali.

Uwanjani waandaaji wakaamuru vyombo vyote virudi nyuma, vipange mstari. Wazee wenzangu wakashuka wawili wawili wakihema na kusukuma. Mke wangu akatoa mguu upande wake, nami upande wangu, tukapiga kasia, tukateleza hadi mahali petu huku tumeketi.

Kengele akaja mbio, jasho likimtiririka. "Kumbe umeifunga gia ya nyuma, msaliti wewe!"

"Sikuifunga," nilisema. "Niliioa."

"Mwambie pia inakula," mke wangu alidakia, akirudisha mguu ndani, "na haijanywa hata chai."